Mahali Mtoto Alipoishi

Karatasi ilikuja nyumbani ndani ya daftari la hesabu, imekunjwa mara nne. Chiriku alikaa nayo siku mbili bila kuikumbuka. Alipoikumbuka alikuwa katikati ya chakula, akaichomoa na kumsogezea baba yake kwa vidole vyenye mafuta, kisha akaendelea na habari ya mwenzake aliyeng'oka jino darasani akalimeza.

Baba yake kazini aliitwa Fundi Vigae, au Fundi tu. Nyumbani waliishi wawili, yeye na huyo binti wa miaka tisa, ambaye alimpa jina la Chiriku tangu alipoanza kusema, kwa sababu alipoanza hakunyamaza tena.

Fundi aliisoma karatasi huku anatafuna. Akameza, akaisoma tena. Ilisema kwamba wanafunzi wote waliojiunga na shule ndani ya miaka miwili iliyopita wakitokea sehemu nyingine watapimwa kifua kikuu siku ya Jumatatu, kwamba kipimo ni cha ngozi na hakiumi sana, na kwamba mzazi ajaze upande wa nyuma. Nyuma kulikuwa na swali moja: Orodhesha mahali mtoto alipoishi tangu kuzaliwa. Chini yake, mistari minne.

Akatafuta kalamu. Akakaa nayo.

Ukitaka kumjua Fundi, anzia hapo kwenye mistari minne. Kazi ya vigae haina kwao. Jengo likianza, wachimba msingi ndio wa kwanza kufika, wanafuata wa kuta, wa mabomba, wa lipu. Fundi wa vigae huja mwisho, wengi wameshakwenda zao. Anapiga magoti miezi minne, mitano, na siku sakafu inapong'aa anaambiwa asante, kuna jengo lingine linaanza kule. Kule ni wapi? Ni kule. Ufundi alifundishwa na mjomba wake akiwa na miaka kumi na saba, na pamoja na ufundi alirithi magoti mabovu na tabia ya kuishi na mizigo nusu imefungwa. Alioa katika mji wa pili wa kazi, akapata mtoto katika mji wa tatu, akazika mke katika mji wa nne. Tangu hapo alihama na mtoto mkononi, masanduku mawili, na mashine ya kukatia vigae iliyoviringishwa kwenye blanketi kama mgonjwa.

"Mbona huandiki?" Chiriku akauliza.

"Nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Tulikoishi."

"Mimi nakumbuka." Akaacha kula. Mtoto wa fundi vigae hutazama chini kabla ya kutazama kuta, kwa hiyo nyumba zote alizikumbuka kwa sakafu. "Kuna ile ya udongo kwa bibi. Ile ya saruji nyekundu iliyokuwa inachafua soksi. Ile ya mbao iliyokuwa inalia. Ile ya mabati."

"Mabati hayakuwa sakafu, yalikuwa kuta."

"Sakafu siikumbuki. Nakumbuka watu walikuwa wamelala kila mahali."

Lilikuwa banda la mafundi. Walikaa humo miezi mitano, watu kumi na wawili na mtoto mmoja, nyuma ya jengo la ghorofa sita lililokuwa likimaliziwa. Fundi alihesabu kwa vidole akafika saba, na hapo hakuingiza wiki tatu za nyumba ya wageni. Saba kwenye mistari minne. Akaona aibu asiyoweza kuieleza. Watu waliohama mara saba katika miaka tisa wanaonekana kama wanakimbia kitu, na anayekimbia huulizwa anakimbia nini. Akaandika sehemu tatu, mstari mmoja akauacha wazi ili ionekane hakubanwa na nafasi, akatia sahihi.

Jumatatu Chiriku alirudi na kiduara kidogo cha kalamu mkononi, upande wa ndani, chini ya kiwiko. Alisimulia kila kitu hata kabla ya kuvua viatu. Mwalimu aliita majina kumi na matatu, wakatoka wakapanga foleni kwenye korido. Muuguzi alikuwa na sindano nyembamba, akaichomeka ngozini juujuu, ngozi ikavimba kama imeumwa na mbu halafu ikanywea. Wasikune, wasibandike kitu, wasubiri siku mbili.

"Na wengine?"

"Wengine walibaki darasani. Wao si wageni." Akavua kiatu cha pili. "Wanasema wageni wana wadudu. Baba, tuna wadudu?"

"Nani kasema?"

"Wote."

Jumatano alirudi mbio, begi linampiga mgongoni. Muuguzi alikuwa amekuja na rula ndogo ya plastiki inayoonyesha hadi upande wa pili, akawa anapapasa uvimbe wa kila mtoto, anapima, anaandika. "Baba, mimi nimepata kumi na tano. Wengine karibu wote wamepata sifuri. Kuna mmoja kapata kumi na moja."

Fundi, ambaye mtoto wake hakuwahi kuwa wa kwanza kwa jambo lolote isipokuwa maneno, kwa muda mfupi alifurahi. Kisha akatazama ule mkono. Ulikuwa na kinundu chekundu kama kifungo cha koti, kigumu ukikigusa, na pembeni yake Chiriku alikuwa ameshika karatasi nyingine iliyokunjwa mara nne.

Karatasi hiyo iliwapeleka zahanati. Kwanza walipiga picha ya kifua, Chiriku amesimama kifua wazi mbele ya ubao wa baridi, ameambiwa avute pumzi na asiseme, jambo ambalo lilimshinda mara mbili. Baadaye wakaitwa kwenye chumba cha muuguzi. Kilikuwa chumba chembamba chenye dirisha lililofunguliwa kabisa, feni inayosukuma hewa kuelekea nje, na viti vimewekwa kwa mshazari ili wanaozungumza wasipumuliane usoni. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kushuka, mtu ambaye ungedhani amechoka mpaka uyaone macho yake.

"Picha ni safi," akasema. "Mtoto mapafu yake hayana tatizo."

"Mungu mkubwa. Kwa hiyo hana."

"Anavyo vijidudu. Ila vimelala."

"Kwa hiyo anaumwa."

"Haumwi."

Fundi akamtazama Chiriku aliyekuwa anahesabu mabawa ya feni, akamtazama muuguzi. "Sista, nieleze taratibu. Ana ugonjwa au hana?"

"Ana maambukizi, hana ugonjwa. Wadudu wa kifua kikuu waliingia mwilini siku nyingi, mwili ukawafungia ndani. Hakohoi, hamwambukizi mtu yeyote. Lakini mtoto bado ni mdogo, siku moja wanaweza kuamka. Kwa hiyo tunampa dawa miezi mitatu wafe wakiwa usingizini."

"Dawa ya ugonjwa ambao hana."

"Ndiyo."

Fundi aliwaza vigae. Alijua kigae kinaweza kukaa sawasawa, kikang'aa, ukakikanyaga mwaka mzima, kumbe chini yake kuna uwazi. Mpaka ukigonge kwa mpini wa nyundo ndipo unasikia kinaitika kitupu. Hilo alilielewa. Kilichomshinda ni kwamba hapa kigae chenyewe kilikuwa mwanawe, na kilikuwa kinahesabu mabawa ya feni.

"Alivipata wapi?"

"Hilo ndilo nataka tulitafute," muuguzi akasema. "Mtoto wa umri huu haviokoti njiani tu. Huvipata kwa mtu mzima anayekohoa, mara nyingi ndani ya nyumba. Mama yake yuko wapi?"

"Alifariki. Huyu alikuwa na miaka miwili."

"Kwa nini?"

"Homa ya mapafu." Ndivyo alivyoambiwa, na ndivyo alivyokuwa akisema tangu hapo. Akakohoa kidogo, akageukia ukutani kwa adabu.

Muuguzi hakuandika. "Na wewe? Hicho kikohozi cha lini?"

"Hiki? Hiki ni vumbi. Ukikata vigae ndani ya bafu lisilo na dirisha, lazima ukohoe. Mafundi wote tunakohoa."

"Cha lini?"

Fundi akahesabu nyumba kurudi nyuma. Cha mwaka jana? Kilikuwepo kwenye nyumba ya sakafu ya mbao, kwa sababu jirani alikuwa akigonga ukuta. Kabla ya hapo hakumbuki. Kikohozi kilikuwa kama magoti yake, kitu cha kazini.

"Unatoka jasho ukilala? Umepungua?"

"Sista, nimemleta mtoto."

"Najua." Akavuta droo, akatoa kikopo cha plastiki chenye kifuniko, akakiweka mezani kati yao. "Kesho asubuhi, kabla hujapiga mswaki, kohoa kutoka chini kabisa, tema humu, uniletee. Si mate. Makohozi."

Alikichukua kwa sababu ni vigumu kukataa kitu ulichopewa kwa heshima. Alipofika kazini akakitia kwenye sanduku la vifaa, kati ya pimamaji na nyundo ya mpira, akakiacha humo.

Siku zilizofuata mambo yakazidi kumchanganya. Kila asubuhi Chiriku aliyeyusha vidonge vyake kwenye maji, akanywa, akatangaza vina ladha ya matunda ya uongo. Mkojo wake ukawa rangi ya chungwa. Muuguzi alikuwa amewaonya, lakini kuonywa si kuona. Siku ya kwanza mtoto alimwita baba yake chooni ashuhudie, na jioni yake shule nzima ilikuwa na habari. Hapo ndipo maneno ya wadudu yalipopata miguu. Jumatatu iliyofuata alirudi anatembea, hakimbii.

"Nimehamishwa dawati," akasema. "Nimewekwa nyuma, karibu na mlango. Peke yangu. Mwalimu kasema kuna hewa nzuri."

Fundi hakuwa mtu wa kwenda kwenye ofisi za watu. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, lakini saruji nyeupe ya kujazia mianya haitoki kwenye kucha, akaenda hivyo hivyo. Mwalimu mkuu alimkaribisha kiti. Ofisi ilijaa madaftari, na kwenye kona kulikuwa na mpira wa miguu usio na hewa. Alikuwa mama mstaarabu, na ustaarabu huo ulimfanya Fundi asijue pa kuanzia.

"Mwalimu, wameniambia zahanati kwamba mtoto wangu haambukizi."

"Nimeambiwa hivyo pia."

"Sasa mbona amewekwa mlangoni?"

"Wazazi watatu wamekuja hapo ulipokaa. Mmoja alikuwa analia. Nifanye nini?"

Fundi akafikiri, akaona kwa kweli hajui angefanya nini. Akauliza swali la pili, ambalo ndilo lililokuwa likimkera tangu karatasi ya kwanza. "Na hii ya kupima wageni peke yao? Waliozaliwa hapa, kifua kikuu kinawaogopa?"

"Nilipewa maagizo. Waliohama ndio wana hatari zaidi."

"Hatari ya kuwa nayo au ya kuileta?"

Mwalimu mkuu akashika kalamu akaiweka. "Nami niliuliza hivyo hivyo, baba. Sikujibiwa vizuri."

Wakabaki wanatazamana, watu wazima wawili wasiojua. Dawati halikuhamishwa siku ile.

Fundi alifanya kile alichojua kufanya. Alimtafuta msimamizi wa kazi na kumuuliza kama kuna jengo lolote linaloanza kwingine. Msimamizi akasema lipo, mafundi wanahitajika mwisho wa mwezi. Fundi akarudi nyumbani, akateremsha masanduku kutoka juu ya kabati na kuanza kukunja nguo.

Chiriku alisimama mlangoni. "Tunahamia sakafu gani?"

"Sijui bado."

"Na dawa zangu nazo zinahama?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Alikaa kitandani na shati mkononi. Dawa zilikuwa zinatolewa zahanati, kila wiki mbili, kwa kadi. Je, kule kuna zahanati? Kadi ya huku inasomeka kule? Na wakiuliza ameishi wapi, aandike nini? Mchana ule, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza kitu chochote, alimpigia simu shemeji yake, mdogo wa marehemu mke wake. Walikuwa hawajaongea tangu mwaka jana.

Wakasalimiana, wakaulizana hali, wakamaliza hali. Kisha akauliza.

"Shemeji, dada yako alikufa kwa nini?"

"Mbona unauliza leo?"

"Shule wanauliza."

"Siku hizi shule inauliza watu walikufaje?"

"Mtoto amekutwa na kitu, shemeji. Si ugonjwa. Ni kitu."

Akamsikia akivuta kiti. "Walisema mapafu."

"Mapafu yana nini?"

"Wewe ulikuwa kazini. Alikohoa, akakonda, kila jioni nguo zinalowa jasho. Tulimpeleka hospitali, wakataka makohozi, akatoa. Wakasema njooni wiki ijayo kwa majibu. Kabla ya wiki kuisha akawa amefariki. Hatukurudi kuyachukua. Tungeyachukua ya nini? Hayo majibu yangemsaidia nani?"

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulidhani unajua. Si ulikuwa mumewe?"

Fundi aliishika simu muda mrefu baada ya kukatika. Miaka saba alikuwa amesema homa ya mapafu kwa sauti ya mtu anayejua. Sasa alikuwa hajui hata kama ilikuwa kweli, wala kama ilikuwa uongo. Majibu yalikuwepo mahali fulani, kwenye kabati la hospitali ya mji wa nne, au yalishachomwa na takataka. Kitu kimoja tu alikuwa na uhakika nacho: jasho la jioni alilijua. La kwake alikuwa akidai linatokana na joto la bati la nyumba.

Asubuhi alifungua sanduku la vifaa, akafuta vumbi kwenye kikopo, akatoka nyuma ya nyumba na kukohoa kutoka chini kabisa.

Majibu yalichukua siku mbili. Muuguzi alimwita peke yake, Chiriku akabaki kwenye benchi la nje akimweleza mzee mmoja asiyemfahamu namna ya kutofautisha kigae cha bafuni na cha sebuleni.

"Keti, kaka. Vimepatikana."

"Kama vya mtoto."

"Hapana. Vya mtoto vimelala. Vyako viko macho."

Fundi alitazama dirisha lililokuwa wazi. Akili ilienda polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani kwa kupapasa. "Kwa hiyo mtoto ni mzima na mimi ndiye mgonjwa."

"Ndiyo."

"Lakini mliyempima ni yeye."

"Mara nyingi huwa hivyo. Mkono wa mtoto hutuonyesha mtu mzima."

"Mimi ndiye niliyempa?"

Muuguzi hakukimbilia kujibu, na Fundi baadaye alisema hilo ndilo lililomfanya amwamini. "Pengine. Pengine alipewa na mama yake, na wewe pia ukapewa na mama yake. Pengine nyote mlikipata kwa mtu mwingine mliyelala naye chumba kimoja." Akachomoa ile fomu ya shule kutoka kwenye faili. "Hapa uliandika sehemu tatu. Ziko zote?"

"Saba. Na wiki tatu za nyumba ya wageni."

"Kwa nini uliandika tatu?"

"Mistari ilikuwa minne."

Muuguzi akaiangalia ile fomu kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Kisha akachukua karatasi tupu, isiyo na mistari hata mmoja, akamsogezea. Fundi aliandika kwa muda mrefu. Alipofika kwenye banda la mabati aliandika na idadi ya watu, akakumbuka wawili kati yao waliokuwa wakikohoa kupokezana, mmoja akianza mwingine anamalizia, na wenzao wakiwacheka.

"Kwa hiyo ni hao," akasema.

"Pengine."

"Sista, neno hilo pengine, huna lingine?"

"Kaka, ningekuwa nalo ningekupa. Kuna kipimo cha kuonyesha unacho. Hapa sina cha kuonyesha kimetoka kwa nani." Akaanza kumpangia vidonge. "Miezi sita. Ukihama katikati ukakatiza dawa, vinajifunza kuishinda, na hapo tutakuwa tunaongea mambo mengine. Ukiwa lazima uhame, pita hapa kwanza nikupe barua. Usiondoke kimyakimya."

Akashangaa alijuaje kuhusu masanduku.

Wiki za kwanza alikaa nyumbani. Alilala chini ya dirisha, Chiriku akalala upande wa pili wa pazia na kuendelea kuzungumza kupitia pazia. Mkojo wa Fundi nao ukageuka rangi ya chungwa, na mtoto akatangaza kwamba sasa wako timu moja. Msimamizi, alipopata habari, alisema pona kwanza, halafu akasema kwa sauti ndogo zaidi kwamba naye ana kikohozi. Basi muuguzi akaja kwenye jengo na vikopo vyake, akawapanga mafundi wote uani kati ya maboksi ya vigae na mapipa ya maji, wakatema mmoja mmoja nyuma ya ukuta huku wenzao wakitaniana.

Msimamizi alikuwa na vumbi tu. Aliyekutwa na ugonjwa alikuwa fundi bomba.

Hapo ndipo kila aliyekuwa na jibu alipolipoteza. Fundi bomba alizaliwa mitaa miwili kutoka shuleni. Hajawahi kulala nje ya mji ule hata kwa msiba; watu walimtania kwamba akivuka daraja hupata kizunguzungu. Kikohozi chake kilikuwa cha zamani kiasi kwamba mkewe alikitumia kumtambua akirudi. Yeye na Fundi walikuwa wamefanya kazi miezi minane kwenye mabafu yale yale yasiyo na dirisha, huyu analaza bomba, huyu anafuata na vigae. Na watoto wake wawili walisoma shule ile ile. Hawakuwa kwenye orodha ya kupimwa, kwa sababu hawakutoka popote. Walipopimwa kwa ajili ya baba yao, mmoja mkono wake ulivimba kumi na tatu.

Mafundi hao walikutana kwenye benchi la zahanati, wote wawili wamefunika mdomo.

"Ni wewe uliyenipa?" fundi bomba akauliza.

"Nilikuwa nataka kukuuliza wewe."

Wakacheka kidogo, kwa tahadhari, maana kucheka kuliwafanya wakohoe. Kisha fundi bomba akasema, bila kucheka, "Mke wangu ni mmoja wa wale waliokwenda kwa mwalimu mkuu. Kuhusu binti yako. Anaona haya kuja kwako."

Fundi angetaka kukasirika, lakini hasira ilihitaji mtu wa kuibeba na kila mtu aliyemfikiria alikuwa amekaa kwenye benchi kama yeye. Akasema, "Mwambie hata mimi ningekwenda." Alipofika nyumbani alijiuliza kama ni kweli, asipate uhakika.

Muuguzi alikwenda shuleni akazungumza na wazazi. Wapo walioelewa. Wapo waliotoka wanasema sasa ni wazi kwamba fundi bomba aliambukizwa na mgeni, na wapo waliotoka wanasema mgeni masikini kaja mzima akaambukizwa na mwenyeji, na kila upande ulidai ndivyo muuguzi alivyosema. Alichosema hasa ni kwamba hajui. Mwalimu mkuu aliwarudisha watoto wote kwenye madawati yao, akafungulisha madirisha ya madarasa yaliyokuwa yamepigwa misumari, na mwaka uliofuata, karatasi za kupima zilipokuja na orodha ya waliohamia, aliandika juu yake kwamba shule yake itapimwa yote au isipimwe. Walibishana naye muda. Mwisho walikuja wakapima yote.

Chiriku alimaliza dawa kwanza, mwezi wa tatu. Fundi alimpeleka na kuomba apimwe tena mkononi, ili aione sifuri kwa macho yake.

"Hatupimi tena," muuguzi akasema. "Mkono wake utavimba siku zote."

"Hata baada ya dawa?"

"Hata baada ya dawa. Mwili unakumbuka."

"Kwa hiyo atakuwa mzima, na kipimo kitasema anavyo."

"Ndiyo. Mtunzie kadi hii, wakitaka kumchoma sindano kwingine waonyesheni."

Fundi aliipokea kadi na kuitia mfuko wa shati, kwenye moyo, akafunga kifungo. Alikuwa ameshaacha kudai mambo yaeleweke yote kwa siku moja.

Yeye alimaliza mwezi wa sita. Makohozi yalikuwa safi mara mbili mfululizo. Siku hiyo walirudi kwa miguu yeye na binti yake kupitia mtaa wa mafundi seremala, wakipishana na watu waliobeba mbao, na Chiriku kwa mara ya kwanza alikuwa ametembea mtaa mzima bila kusema kitu. Baba yake akaanza kuwa na wasiwasi.

"Baba," akasema hatimaye, "ni wewe uliyenipa, au ni mama?"

Alikuwa amelisubiri swali hilo miezi sita na hakuwa ameandaa jibu. "Sijui."

"Au wale watu wa kwenye mabati?"

"Sijui, mwanangu."

"Au baba yake yule, fundi bomba?"

"Yeye hapana, nadhani. Lakini sijui."

"Na Sista?"

"Hata yeye."

Chiriku akafikiri, hatua kama kumi, ambazo kwake ni nyingi. "Mimi nilidhani watu wazima mnajua halafu mnaficha," akasema, na akaushika mkono wa baba yake wenye kucha za saruji, akaanza kumweleza kuhusu mtihani wa hesabu.

Lile jengo la kule lilipata fundi mwingine. Yalikuja na mengine, na Fundi kila mara alisema atafikiri, akafikiri, akabaki. Alishika kazi ndogondogo za kurekebisha mabafu ya watu, mara nyingi pamoja na fundi bomba, na sharti lake la kwanza kwa mwenye nyumba likawa kutoboa dirisha. Mpaka leo wako katika mji ule, mwaka wa nne sasa, muda mrefu kuliko popote alipowahi kuishi tangu amwache mjomba wake. Ukimuuliza ni nini kilichombakisha, atakuna kichwa, ataanza sababu moja, ataiacha njiani na kushika nyingine.

Chiriku, akiwa karibu, atamjibia: "Hajui. Wala hafichi."